Mlango Wenye Picha ya Mkate

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Salcajá. Baba Paroko, uliyelinyunyizia gari hili maji ya baraka mpaka nikahofia injini. Kamanda na wazimamoto wa kujitolea. Bibi Yadira Escobedo, mthamini wa forodha, uliyesafiri kutoka mpakani ukijua kabisa kwamba kipaza sauti nitakishika mimi. Wenye viwanja vya magari, mafundi wa bodi na rangi, madereva. Akina mama wa kijiji cha Xecanul mlioshuka mlima kwa miguu. Ndugu zetu wa Houston mnaotutazama kwenye simu. Nawe don Wenceslao Gramajo, tuliyekuketisha katikati ya safu ya mbele ili usipate njia ya kutorokea: nawaamkia nyote.

Nimeombwa niseme machache. Naona wanaonijua wameanza kuguna. Nawaahidi kwamba nitamaliza kabla tamali hazijapoa ndani ya majani yake, na asiyeniamini aende akasimame karibu na sufuria.

Tuna shughuli mbili leo. Tunakabidhi gari la wagonjwa kwa kikosi chetu cha zimamoto, na tunamuaga dereva ambaye kwa miaka thelathini na minne amevuta magari kutoka Texas mpaka hapa, moja likiendeshwa, jingine likiwa limefungwa nyuma yake. Shughuli hizo mbili ni habari moja, na lazima niieleze, kwa sababu tangu asubuhi mnalitazama gari hili huku mkijizuia kucheka. Msijizuie. Gari zima ni jeupe, lina mistari myekundu, lina jina la mji wetu kwa herufi za dhahabu. Halafu mlango wa dereva ni wa kahawia, umebonyea kama sufuria iliyoangushwa, na umechorwa mkate unaotoa mvuke. Kamanda ameniuliza mara tatu lini tutaupaka rangi. Nitamjibu hapa hapa, mbele yenu, nikifika mwisho.

Nianze na ushuru. Najua neno lenyewe linaleta usingizi, na wanaotuwekea ushuru wanalitegemea sana usingizi huo. Mwaka jana, kule kaskazini, watu waliovaa tai walipandisha ushuru wa magari mapya yanayoingia nchini mwao. Hapa kwetu kuna waliosema, "Inatuhusu nini? Sisi tumewahi kununua gari jipya lini?" Ndugu zangu, gari hushuka kama koti la mtoto wa kwanza. Mkubwa akinunuliwa jipya, la zamani linakwenda kwa wa pili, kisha kwa wa tatu, na sisi ndio wa mwisho katika nyumba hiyo kubwa, tunaovaa koti likiwa limepoteza vifungo. Sasa mkubwa akiambiwa koti jipya limepanda bei, atafanya nini? Atabaki na la zamani. Wa pili atakosa. Wa tatu atakwenda mnadani, kwenye magari ya ajali, mahali ambapo zamani hakukanyaga mtu isipokuwa watu wa Salcajá, na atapandisha bei ya chuma kilichopondeka ambacho tulikuwa tunakiokota peke yetu. Mtu ametia saini karatasi katika ofisi yenye zulia, na mwalimu wa Salcajá anabaki anatembea kwa miguu. Halafu wanatuambia ushuru unamlinda mfanyakazi. Yupi? Nionyesheni mikono yake niilinganishe na ya mafundi waliokaa hapa!

Lakini nisiseme tu juu ya walio mbali. Sisi waandishi wa safu za magazeti tuna ugonjwa wa kumtafuta mkosaji mahali ambapo hawezi kutujibu. Leo mkosaji mmoja yuko karibu sana. Ndiye anayewahutubia.

Mnakumbuka mkutano wa kwanza, katika ukumbi wa shule. Tulikuwa tumechanga kwa miaka miwili. Ndugu zetu wa Houston, chini ya Nery Mazariegos, walikuwa wamelipata gari hili mnadani. Lilikuwa limegongwa ubavu wa kushoto, mlango umeingia ndani, lakini injini nzima na kitanda cha mgonjwa hakina kasoro. Swali likawa: litengenezwe kule au lije kama lilivyo? Don Wence akasimama, akavuta suruali juu kama kawaida yake, akasema, "Lileteni baya. Lileteni na ubaya wake wote na makaratasi yake. Uzuri tutaupika hapa nyumbani. Njiani uzuri unaita macho."

Akakaa. Hayo tu. Nami nikasimama.

Nilisema kwa dakika ishirini. Nilisema watu wetu wamechoka kupokea mabovu. Nilisema kila kinachotufikia kutoka kaskazini kinafika kikichechemea, na kwamba safari hii moja, kwa heshima ya mama zetu, gari lifike likiwa limesimama wima na limeoga. Nilisema, na najuta kwamba nilisema, kuwa mawazo ya don Wence ni mawazo ya mtu aliyezoea kulala njiani. Mkapiga makofi, mkagonga madawati. Sijawahi kupigiwa makofi mengi kiasi kile kwa kosa kubwa kiasi kile. Barua ya kwenda Houston niliiandika kwa mkono wangu: lipambeni.

Wakalipamba. Nery na wenzake walifanya kazi Jumapili saba bila kudai senti. Walinyoosha bodi, wakapiga rangi, wakaandika jina la mji. Mlango ulioumia wakauvua, wakaweka mwingine kutoka gari jingine la aina hiyo hiyo. Kwa kuwa don Wence macho yake yalishaanza kumsaliti, tulituma madereva wengine wawili. Wakalileta likimeta kama bibi harusi, wakavuka Meksiko yote, wakafika mpakani kwetu. Na hapo ndipo Bibi Yadira alipotoka ofisini mwake akiwa na kalamu na tochi ndogo.

Madereva wale walinisimulia. Alilizunguka gari mara mbili, kisha akauliza, "Hili ndilo gari la ajali?"

"Ndiyo, Bibi. Karatasi ya mnada hii hapa."

"Karatasi inasema limepondeka. Macho yangu yanaona gari la kwenda kwenye maonyesho. Nimwamini nani?"

Akafungua mlango wa dereva. Kwenye ukingo wa mlango kuna kibandiko chenye namba, na namba hiyo lazima ifanane na ile ya chasisi iliyoko chini ya kioo cha mbele. Hazikufanana. Zingefananaje? Mlango ulikuwa wa gari jingine! Katika mji huu, ambao hata mtoto wa chekechea anajua kufungua taa ya nyuma ya Toyota, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefikiria kibandiko cha mlango. Yupo mmoja aliyefikiria, na tulishamkalisha chini kwa makofi.

Uamuzi ukawa huu. Tuthibitishe kwamba gari hili ndilo lile la mnadani, litozwe ushuru wa gari la ajali. Tukishindwa, litozwe kama gari zima lenye mashaka, kiasi ambacho tusingekipata hata tukiuza kengele za kanisa, samahani Baba. Na ikifika mwisho wa Februari bila hili wala lile, litapigwa mnada na forodha. Gari lililonunuliwa mnadani, lirudi mnadani, na kitanda cha mgonjwa kiende kubebea vitunguu.

Bibi Yadira, nilikuandikia safu tatu. Ya kwanza nilikuita mlinzi wa vyuma. Ya pili sitairudia mbele ya Padri. Ya tatu ulinijibu kwa mstari mmoja, na ninao hapa mfukoni: "Mwalimu Ercilia, nitukane upendavyo, lakini niletee mlango." Wasomaji wangu, kwa miaka kumi na tisa nimegombana na mawaziri, maaskofu na timu ya mpira, na hakuna aliyewahi kunijibu kwa ufupi na usahihi namna hiyo.

Miezi ikapita. Mwezi wa nane, usiku wa mvua, Fidelia Sacalxot wa Xecanul alishikwa na uchungu. Fidelia, nimekuomba ruhusa niseme, nawe umenipa. Aliteremshwa nyuma ya pikapu, juu ya majani ya ng'ombe, chini ya turubai lililoshikwa na shemeji zake wanne. Barabara ile mnaijua. Mtoto hakusubiri hospitali. Alizaliwa kwenye kona ya kiwanda cha matofali, na mama yake akapoteza damu nyingi hivi kwamba daktari alituambia, "Nusu saa zaidi na mngeleta mmoja." Wakati ule, gari lenye kitanda, taa na chupa za oksijeni lilikuwa limeegeshwa mpakani, kuku wa jirani wakitagia chini yake.

Siku ya tatu don Wence alikuja nyumbani kwangu. Hakuja kunisimanga. Ningefurahi angenisimanga. Alikunywa kahawa, akasema, "Mwalimu, mlango ule waliutupa wapi?"

Nikampigia Nery. Nery akasema, "Tuliuacha kwenye lundo, Mwalimu. Lakini siku hizi hakuna lundo. Vipuri vipya vimepanda bei kwa huo ushuru, watu wanachukua hata bawaba. Mlango uliuzwa."

"Uliuzwa? Mlango uliopondeka?"

"Hata kioo kilichopasuka kinauzwa, Mwalimu."

Mnaona jinsi ushuru unavyofanya kazi? Umechukua takataka, umeifanya mali, na mali ikatoweka. Ilituchukua miezi minne kumpata mnunuzi. Ni Mhondurasi, Selvin Zúniga, anayeuza mikate kwa gari lake, la aina ile ile ya letu, katika mitaa ya kusini ya Houston. Nery alimfuata, akafukuzwa. Akamfuata tena, akapewa mkate na kufukuzwa. Ilikuwa imeshafika Januari. Don Wence akasema, "Mimi nitakwenda."

Ana miaka sitini na tisa. Jicho la kushoto linaona ukungu. Binti yake Azucena akasema, "Baba, unakwenda kufuata nini huko?" Akajibu, "Mlango." "Mlango mmoja?" "Kwani gari lina milango mingapi ya dereva?" Azucena akafunga begi lake, akaenda naye, na namshukuru, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa macho yake.

Walikwenda kwa basi siku tatu. Don Wence akamkuta Selvin Zúniga kwenye maegesho, saa kumi na moja asubuhi, akipanga trei za mikate. Azucena ananiambia mazungumzo yalikuwa hivi.

"Kijana, nimekuja kununua mlango wako."

"Mzee, na wewe umetumwa na yule wa rangi? Nikikuuzia mlango, niendeshe nimeushika hewa?"

"Nitakufungia mwingine. Mzuri zaidi."

"Mzuri zaidi! Sasa ndiyo nimeogopa. Nani amewahi kuvuka nchi mbili kubadilisha kizuri kwa kibovu? Ndani ya huu mlango mlificha nini?"

"Namba."

"Namba ya nini? Ya bahati nasibu?"

Don Wence hakumwambia neno juu ya heshima ya taifa wala mshikamano wa watu wa Amerika ya Kati, mambo ambayo mimi ningemweleza mpaka mikate ikauke. Alikwenda kwenye gari la Selvin, akafungua mlango, ukagoma. Akauinua kidogo, akaupiga goti chini ya kitasa, ukafunguka. Selvin akashangaa. "Mimi huo mlango umenitesa nusu mwaka! Umejuaje?"

"Chuma kilichogongwa hapa," don Wence akamwonyesha, "kinauma pale."

Ndipo alipomsimulia habari za Fidelia. Selvin akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Akaambiwa wa kike. Akasema, "Mama yangu alinizaa kwenye lori la ndizi. Vua mlango, mzee, kabla sijabadilisha mawazo. Lakini matangazo yangu yako pale, mkiufuta mkate wangu nitawafuata huko huko." Don Wence akakaa siku mbili kumfungia mlango mwingine, na kwa kuwa hawezi kuona kitu kimelegea akakiacha, akamrekebishia breki pia.

Walirudi kama watu wa Salcajá wanavyorudi: pikapu moja ikivuta nyingine, mashine za kufulia zimepangwa nyuma, baiskeli juu, na katikati, umefungwa blanketi mbili kama mgonjwa, mlango. Azucena aliendesha njia yote. Don Wence alikaa pembeni akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Polisi wa Meksiko walisimamisha msafara mara sita, na mara zote sita waliuliza habari za mlango. Ofisa mmoja alisema, "Mzee, una mashine tano za kufulia, lakini kilichovikwa blanketi ni hiki kipande cha bati?" Don Wence akamwambia, "Mashine zina afya."

Tarehe ishirini na tano Februari wakafika mpakani. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Wakauvua mlango mzuri, wakaufunga ule mbaya, pale pale uwanjani, kuku wakitazama. Nilikuwepo. Bibi Yadira akatoka na tochi yake. Akautazama ule mkate muda mrefu.

"Mwalimu," akaniuliza, "niandike gari la wagonjwa au duka la mikate?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze hotuba. Don Wence akanyanyua mlango, akapiga goti, akafungua. Kibandiko kilikuwa chini ya tabaka la rangi ya kahawia. Bibi Yadira akakikwangua kwa ukucha, taratibu, herufi kwa herufi, akisoma kwa sauti, huku karani wake akifuata kwenye karatasi ya mnada. Herufi na tarakimu kumi na saba. Alipofika ya mwisho, karani akasema, "Ndiyo yenyewe." Bibi Yadira akafunga kalamu yake. Akasema, "Hili gari ni la ajali. Nendeni." Kisha akamgeukia don Wence, na maneno haya nayarudia kwa sababu hakuna gazeti lililoyaandika, hata la kwangu: "Mzee, ungekuja wewe tangu mwanzo, ningemaliza kwa dakika kumi."

Mheshimiwa Meya, nina jambo na wewe. Viwanja vya magari vya mji huu vinalisha nusu yetu. Tunajua kunyoosha kile ambacho tajiri amekitupa, na kazi hiyo haina aibu, na laiti ningeijua heshima yake kabla sijaandika barua ile. Ushuru wa kaskazini hatuwezi kuupunguza kutoka hapa, hata nikipiga kelele mpaka Padri afunge masikio. Lakini jedwali la ushuru letu wenyewe linatungwa na wabunge wetu wenyewe. Ombi la kutaka magari ya wagonjwa na ya zimamoto yathaminiwe kwa bei yaliyonunuliwa, sharti lako ni kwamba liandikwe kwa ukurasa mmoja. Nimeandika ukurasa mmoja. Mnajua nilivyoteseka. Bibi Yadira ameusahihisha, na kila alichofuta kilistahili kufutwa. Umeniahidi utaupeleka mwenyewe mji mkuu. Naona unatikisa kichwa kukubali. Wapiga marimba, ninyi ni mashahidi!

Kuhusu don Wence, anastaafu kweli. Jana alimkabidhi Azucena funguo za pikapu na ule mnyororo wa kuvutia alioununulia safari yake ya kwanza. Wenye viwanja watatu wameshampa Azucena kazi, na mmoja wao, simtaji, ndiye aliyewahi kusema mwanamke hawezi kurudi nyuma akiwa amevuta gari. Azucena alirudi nyuma mbele yake, kwenye kichochoro cha soko, siku ya Alhamisi, kati ya wauza tamali za viazi, na hakuangusha hata jani.

Don Wence, ulisema maneno machache nami nikasema mengi, na watu wakanisikiliza mimi. Fidelia alilipa sehemu ya gharama ya makofi yangu. Nakuomba radhi mbele ya watu wale wale walionipigia makofi. Naona unapungia mkono, kama mtu anayefukuza inzi. Hapana, mzee, hii huifukuzi. Ipokee.

Sasa Kamanda, jibu lako. Mlango hautapakwa rangi. Utabaki wa kahawia, utabaki umebonyea, na mkate wa Selvin Zúniga utabaki unatoa mvuke juu ya barabara ya Xecanul. Watakaocheka wacheke. Kwa mlango huo tutakumbuka namba yetu iko wapi. Na Selvin, kama unatutazama kwenye simu ya Nery, jua kwamba umepata tangazo la bure katika nchi ya pili.

Fidelia ndiye mama wa ubatizo wa gari hili, na utepe ataukata yeye, akiwa amembeba binti yake, ambaye ana miezi minane na tangu nianze kuongea ameshalala mara mbili. Lakini kabla ya utepe, kuna shida ndogo. Tangu juzi wazimamoto wanapanda kwa mlango wa abiria, kwa sababu huu wa dereva unagoma na wanaona haya kuuliza.

Nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio yenu. Tamali bado zina moto, nimetimiza ahadi. Don Wence, inuka, mzee wangu. Njoo uwaonyeshe pa kupiga goti.